Kariakoo na Feri

Kariakoo na Feri ni maeneo mawili ya katikati ya Dar es Salaam, katika Wilaya ya Ilala. Kariakoo iko magharibi ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Feri iko kwenye lango la bandari, pale pantoni inapovusha watu kwenda Kigamboni, jirani na Ikulu ya Magogoni. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa mzima kuwa na watu 5,383,728, na wachache tu kati yao hulala humu. Lakini ni nadra kupata nyumba jijini ambayo kitenge, sufuria, simu au samaki wake hakupitia mojawapo ya sehemu hizi. Kwa kawaida Kariakoo husifiwa kwa wingi wa bidhaa na kulaumiwa kwa msongamano. Yote mawili ni kweli, ila hayagusi kiini. Kilichoyapa maeneo haya tabia yake ni kwamba mtu mwenye mtaji mdogo sana aliweza kuingia, akapata pa kulala, pa kuuzia na watu wa kumwamini. Raha na dhiki za humu chanzo chake ni hicho.

Jiji lenyewe lilianzishwa miaka ya 1860 na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, karibu na kijiji cha Mzizima, na mwaka 1891 Wajerumani wakalifanya makao makuu ya koloni lao. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Mitaa ya Mahiwa na Narung'ombe bado inabeba majina ya mapigano ya 1917. Miaka ya 1920 Waingereza waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika, huku Mnazi Mmoja ukiachwa wazi uwe mpaka. Huo ulikuwa ubaguzi, na haufai kupambwa. Lakini kanuni hizo hizo ziliruhusu Kariakoo nyumba za gharama nafuu, na hapo ndipo nyumba ya Kiswahili ilipostawi: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua wenye jiko na choo nyuma, baraza mbele. Mwenye nyumba, na baadhi walikuwa wanawake, alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Myao walitumia ua mmoja. Barazani palikaa cherehani, genge la nyanya na meza ya bao. Soko halikuanza kwa jengo lake. Lilianza kwenye baraza hizo.

Siasa na burudani vilimea humo humo. Chama cha African Association kiliundwa mwaka 1929, na chama cha TANU kikazaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba. Klabu ya soka ya Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, watani wao wakafuata mwaka 1936 na baadaye wakajiita Simba. Hadi leo ile ya kwanza ina makao Jangwani na ya pili mtaa wa Msimbazi, umbali wa kutembea kwa miguu. Vyama vya taarabu kama Al-Watan na Egyptian navyo vilikusanya watu wenye nia ya kuheshimiwa. Si ajabu kwamba vyama hivi havikutokea Uzunguni. Watu waliotoka makwao, wakaishi nyumba moja na wasio ndugu zao, walihitaji wa kuwazika, wa kuwaozesha na wa kuwasemea, nao wakawapata kwa kuunda chama.

Feri inaonyesha jambo lile lile kwa upande wa kazi. Soko la samaki la sasa lilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na shughuli zake huanza kabla ya jua kuchomoza, mashua na ngalawa zinapoingia. Dalali hunadi fungu la vibua au jodari, mchuuzi mwenye ndoo hununua, mpaa samaki hulipwa kwa kisu chake, mkaangaji hununua kilo chache na kuni, muuza barafu na mbeba mizigo wanapata chao. Kila hatua ina nafasi ya mtu asiye na dhamana ya benki. Mchuuzi anayejulikana huchukua mzigo asubuhi na kulipa jioni. Asiyerudi na hela kesho yake hapewi tena, na habari zake humtangulia. Wapo wasemao kwamba mnyororo huu mrefu unampunja mvuvi na kumpandishia bei mlaji, na kwamba mitambo ya baridi na mikataba ya moja kwa moja ingefaa zaidi. Baridi inahitajika kweli, kwa sababu samaki wasiouzwa mapema huharibika, na maji machafu sokoni ni kero ya siku nyingi. Lakini kinachoitwa mnyororo mrefu ni riziki ya maelfu ya familia. Anayetaka kuukata aseme kwanza mama wa karai atakwenda wapi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Kariakoo ya zamani inatamaniwa na watu ambao hawakuishi humo. Ni kweli vyumba vilijaa, choo kimoja kilihudumia kaya nyingi, na mvua za masika ziliinua maji ya Jangwani. Taifa huru lilijibu kwa kujenga. Soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye paa la zege kama miavuli, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Lilikuwa jengo la fahari lililowekwa mahali pa wauza mchicha, na chaguo hilo linastahili kusifiwa: kwamba mkulima na mchuuzi wastahili msanifu bora wa nchi.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja baada ya biashara kuachiwa huru miaka ya 1980. Wenye nyumba waliingia ubia na matajiri: mmoja alitoa kiwanja, mwingine akapandisha ghorofa, kisha wakagawana. Chini zikawa fremu, juu stoo na vyumba vya wageni. Wanunuzi wa jumla wanatoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, na mawinga wanawaongoza dukani kwa kamisheni. Watetezi wa ghorofa husema zimeleta ajira na kodi zaidi kuliko nyumba za udongo na mabati, nao hawakosei. Ila fremu ina kilemba, yaani malipo ya kupata nafasi, kabla ya kodi ya pango, na anayeshindwa kukilipa huishia barabarani mtaa wa Kongo, anakoondolewa kila baada ya muda, kama ilivyokuwa mwaka 2021. Wapangaji wa zamani wamehamia Mbagala, Gongo la Mboto na kwingine, na nauli ya kurudi kazini inakula faida. Kuporomoka kwa jengo la ghorofa tarehe 16 Novemba 2024, kulikoua watu zaidi ya 20, kulionyesha gharama ya kubana biashara nyingi kwenye kiwanja kilichopimwa kwa nyumba ya vyumba sita. Mgomo wa wafanyabiashara wa Mei 2023, uliomleta Waziri Mkuu Mnazi Mmoja kuwasikiliza, ulionyesha kwamba hata wenye maduka wanaona mlango unazidi kuwa mwembamba.

Soko kuu liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na serikali ikaligharamia upya pamoja na jengo jipya kando yake. Thamani ya kazi hiyo itapimwa kwa orodha ya waliopewa vizimba na kwa kodi ya kizimba: je, muuza viungo aliyeanza na sinia anaimudu, au atanunua nafasi yake kwa mtu mwingine aliyeipata kwanza?