Dawa ya saratani ilivyojaribiwa kutibu uchovu sugu

UGONJWA wa uchovu sugu humwondolea mtu nguvu kwa miezi au miaka, na usingizi haumpi nafuu. Shughuli ndogo, kama vile kupanda ngazi au kusoma, yaweza kumlaza kitandani kwa siku kadhaa. Chanzo chake hakijabainika, wala hakuna kipimo cha maabara cha kuuthibitisha.

Mnamo 2004, madaktari wa saratani Øystein Fluge na Olav Mella wa Hospitali ya Chuo Kikuu ya Haukeland mjini Bergen, Norway, waliona jambo la ajabu. Mgonjwa wao wa saratani, ambaye pia aliugua uchovu sugu, alipata nafuu ya uchovu huo alipokuwa akitibiwa saratani.

Walishuku kwamba matibabu hayo yalidhibiti kinga ya mwili iliyokuwa ikiushambulia mwili wenyewe. Hivyo wakageukia Rituximab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1997 kutibu saratani ya limfu. Dawa hiyo huangamiza seli za B, ambazo ni chimbuko la kingamwili.

Mwaka wa 2009 walitangaza kuwa wagonjwa watatu waliopewa dawa hiyo walipata nafuu, ingawa dalili zilirejea baadaye. Mnamo 2011 walitoa matokeo ya jaribio la watu 30. Kati ya 15 waliopewa dawa, 10 walipata nafuu. Kati ya 15 waliotiwa dripu isiyo na dawa, ni wawili tu. Habari hizo ziliamsha matumaini makubwa miongoni mwa wagonjwa katika mataifa mengi.

Hata hivyo, si kila wingu huleta mvua. Jaribio kubwa zaidi lilifanywa Norway kwa wagonjwa 151 waliofuatiliwa kwa miaka miwili, bila wao wala madaktari kujua nani alipewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2019: asilimia 26 ya waliopewa Rituximab walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 35 ya waliotiwa dripu tupu. Dawa haikuwa imesaidia.

Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, na matumaini ya kupona huweza kumfanya mgonjwa ajihisi afadhali. Ndiyo maana jaribio dogo huweza kupotosha, na kundi lisilopewa dawa ni la lazima.

Mnamo 2025, watafiti wa Bergen waliripoti kuwa sita kati ya wagonjwa 10 waliopewa Daratumumab, dawa nyingine ya saratani, walipata nafuu kubwa. Lakini jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha.

Mwongozo wa kitabibu uliotolewa Uingereza mwaka wa 2021 unawashauri wagonjwa kupima nguvu zao na kupumzika kabla hazijawaishia. Ushauri huo hauponyi, bali hulenga kuzuia hali isizidi kuwa mbaya.