Theluthi, Nusu na Sudusi: Ruwaza ya Neutrino Iliyovunjwa na Vipimo

Kuanza kazi kwa maabara ya JUNO, iliyojengwa mita 700 chini ya ardhi katika mkoa wa Guangdong, China, mwezi Agosti 2025, kumefufua mjadala wa zaidi ya miaka 20 kuhusu neutrino: je, namba zinazotawala uchanganyikaji wake zinafuata ruwaza ya kihisabati, au hazina mpango wowote?

Neutrino, chembe isiyo na chaji na yenye tungamo dogo mno, ilibashiriwa na Wolfgang Pauli mwaka 1930 na kugunduliwa na Clyde Cowan na Frederick Reines mwaka 1956. Mwaka 1962 Ziro Maki, Masami Nakagawa na Shoichi Sakata wa Nagoya, Japani, walieleza kuwa kila aina ya neutrino ni mseto wa hali zenye tungamo tofauti, na kwa sababu hiyo chembe inaweza kugeuka aina ikiwa safarini. Majaribio ya Japani na Kanada yalipothibitisha mageuzi hayo, Takaaki Kajita na Arthur McDonald walitunukiwa Nobel ya mwaka 2015, wakati ambapo wote watatu wa Nagoya walikwisha kufariki bila tuzo hiyo, nao hawatajwi kwa kadiri wanavyostahili.

Mwaka 2002 Paul Harrison, Don Perkins na William Scott, wakiwa Uingereza, walipendekeza jedwali la namba za uchanganyikaji huo lenye unyofu wa kushangaza. Hali ya kwanza ya tungamo ilipewa theluthi mbili za aina ya elektroni na sudusi moja moja ya aina ya myuoni na ya tau. Ya pili iligawanywa theluthi kwa theluthi baina ya aina zote tatu. Na ya tatu ilikuwa nusu myuoni na nusu tau, bila sehemu yoyote ya aina ya elektroni ndani yake. Namba hizo zililingana vyema na vipimo vya wakati ule, kiasi kwamba wananadharia, wakiwemo Guido Altarelli na Ferruccio Feruglio, walizihusisha na ulinganifu wa umbo lenye nyuso nne za pembetatu sawa, ambalo lina mizunguko 12 inayoliacha kama lilivyokuwa.

Jibu lilitoka kwenye vinu vya nyuklia vya Daya Bay, kusini mwa China. Antineutrino itokayo kwenye vinu hivyo ikigonga protoni ndani ya kimiminika cha kigunduzi, positroni hutoa mmweko wa kwanza, na takriban sehemu 30 za milioni ya sekunde baadaye nyutroni iliyonaswa na gadolini hutoa wa pili. Tarehe 8 Machi 2012 watafiti walitangaza kuwa vigunduzi vya mbali na vinu vilihesabu antineutrino pungufu kwa takriban asilimia 6 kuliko ilivyotarajiwa kutokana na vile vya karibu, maana yake pembe ya uchanganyikaji inayoamua sehemu ya elektroni katika hali ya tatu, ambayo ruwaza iliitaka iwe sifuri, ilikuwa karibu nyuzi 9.

Wapo walioendelea kuitia viraka ruwaza hiyo kwa kuiongezea vigezo, lakini heshima yake halisi ilitokana na uwazi wake, kwani ilisema jambo mahususi ambalo kipimo kimoja kingeweza kulikanusha. Matokeo ya kwanza ya JUNO, yaliyotolewa Novemba 2025, yanaibana zaidi: kiasi kinachohusu sehemu ya elektroni katika hali ya pili, ambacho ruwaza ilikitaka kiwe theluthi kamili, yaani 0.333, kimepimwa kuwa 0.309.