Fahamu: Rangi za mawingu katika ramani ya hali ya hewa zina maana gani?

Msimu wa mvua unapowadia, mkazi wa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, hutazama sehemu mbili kabla ya kulala: milima iliyo mashariki mwake na ramani ya hali ya hewa katika simu yake. Milimani, wingu zito huonekana jeusi. Katika ramani, wingu hilo hilo huenda likawa jeupe, au hata jekundu. Asiyejua maana ya rangi hizo anaweza kuhangaika bure, au kulala usingizi huku mto ukifura.

Jeusi chini, jeupe juu

Tofauti hiyo hutokana na mahali alipo mtazamaji. Aliye chini huona giza kwa kuwa wingu nene huzuia mwanga wa jua. Setilaiti huliona wingu kwa juu, upande unaorudisha mwanga huo, na hivyo hulipiga picha likiwa jeupe. Setilaiti za Meteosat za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1977, hulitazama bara la Afrika zikiwa umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta.

Usiku hakuna mwanga wa jua, kwa hiyo hupimwa joto la sehemu ya juu ya mawingu. Kadiri wingu linavyopanda ndivyo kilele chake kinavyokuwa baridi; mawingu makubwa ya radi huweza kufikia nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri, au zaidi. Kwa desturi, baridi huchorwa kwa rangi nyeupe ili picha ya usiku ifanane na ya mchana. Baadhi ya wachoraji huongeza rangi ya manjano au nyekundu kwenye vilele vyenye baridi kali. Hapo wekundu si joto wala si kipimo cha mvua. Wingu jembamba la juu sana huwa baridi bila kuleta mvua, ilhali wingu la chini lenye rangi ya kijivu huweza kunyesha.

Uchaguzi wa rangi

Ramani nyingine huonyesha tu kiasi cha anga kilichofunikwa. Wataalamu hugawa anga katika sehemu nane ziitwazo okta: sifuri ni anga jeupe, nane ni anga lililofunikwa lote. Kwa kazi hiyo, rangi moja inayokolea hatua kwa hatua hueleweka kuliko mchanganyiko wa rangi nyingi. Kutegemea nyekundu na kijani pekee hakufai, kwa kuwa baadhi ya watu, hasa wanaume, hawazitofautishi. Aidha, rangi ya mawingu haina budi kupenyeka kwa macho, ili mito na milima iliyo chini yake isifichike.

Kwa Kanyosha, hilo si pambo. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Heha, ulio kusini-mashariki mwa jiji, hupita mita 2,600. Mvua ikinyesha milimani, maji huteremka kwa kasi hata kama anga la mtaani ni safi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mafuriko yaliua zaidi ya watu 60 katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura.

Kabla ya kuamini rangi

Soma kwanza ufunguo wa ramani: je, inapima mawingu, joto la vilele vyake au mvua? Kisha angalia saa. Picha nyingi huandikwa kwa saa za kimataifa, na Burundi iko mbele kwa saa mbili: 18:00 ya ramani ni saa mbili usiku Bujumbura. Tatu, tazama mawingu yaliyo juu ya milima, si yaliyo juu ya paa lako pekee. Hatimaye, fuata matangazo ya Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, yenye dhamana ya utabiri wa hali ya hewa nchini. Na ukisikia mto unanguruma, ondoka kando yake, hata kama ramani haina rangi yoyote.