Baraza ya Bara

Mtu wa Unguja akisikia "rafu ya bara" ana haki ya kuuliza refa alikuwa wapi. Rafu ya Kiarabu, ile ya kupangia vitabu na vyombo, imeshafunikwa na rafu ya mpira. Na Bara, kwa masikio ya Visiwani, ni upande wa pili wa Muungano, wenye ligi yake. Istilahi iliyokusudiwa kutaja ule uwanda wa bara uliozama baharini inamfikia msomaji na kadi ya njano.

Wengine husema "tako la bara". Tusicheke upesi: bunduki ina tako, mtungi una kitako, na hakuna aliyeona haya. Kasoro ya neno hili ni mahali lilipowekwa. Tako ni pa chini, pa kukalia, ilhali uwanda huu uko juu, jirani na ufuko, na kwa kawaida maji yake hayafiki mita 200. Panapostahili jina hilo ni kule mbali mteremko unakoishia na mashapo kurundikana. Basi tusilitupe, tulihamishe: "kitako cha bara" liwe jina la mrundiko huo wa chini.

Kwa uwanda wenyewe napendekeza "baraza". Sisemi lile la mawaziri, nasema hii ya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe, iliyojengwa kwa mawe yaleyale ya ukuta. Ngeli inatulindia maana: baraza la wazee, baraza ya nyumba. Iko nje ya mlango lakini ni nyumba. Vivyo hivyo uwanda huu ni mwamba wa bara, bahari imeufunika tu. Hata sheria inakubali. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unampa mwenye pwani haki ya kunufaika na mali ya sakafu ya bahari, lakini hauwazuii wengine kupita juu yake kwa vyombo vyao. Kila mwenye baraza mjini anaujua mkataba huo.

Ila mkataba huohuo unapeleka mpaka hadi maili 200 za baharini, hata pale ambapo uwanda wa kijiolojia umekwisha zamani. Vitu viwili, jina moja. Wanasheria wabaki na rafu yao. Kesi zao nazo zina marefa.

Baraza ina faida nyingine: udogo wake upo tayari. Pwani yetu kwa sehemu kubwa ina kibaraza tu, na mahali pengine hata hicho ni chembamba. Mafia na Unguja zimekaa barazani. Enzi ya barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo, Unguja ilikuwa bara. Mifupa ya punda milia iliyofukuliwa katika Pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, haikuja kwa jahazi. Pemba ni habari nyingine. Kati yake na Tanga maji yanafika mita 800 hivi.

Na maji ya namna hiyo hayana haja ya istilahi mpya. Ni kilindi. Bandari ya Mombasa inalibeba neno hili kila siku, Kilindini, nasi waandishi tunaandika "eneo la bahari lenye kina kirefu cha maji" kana kwamba tunalipwa kwa neno. Kina ni kipimo. Hata dimbwi la mvua lina kina. Kilindi ni mahali.

"Mteremko wa bara" nauunga mkono, ingawa wachoraji wa vitabu vya shule hawatafurahi. Wao huchora ngema. Wastani wake ni nyuzi nne hivi, na Mswahili anaposema kazi fulani ni mteremko hamaanishi kwamba utavunjika shingo. Ngema tuiwekee kuta za chini ya maji za kisiwa cha Misali.

Pale baraza inapokwisha na mteremko kuanza, "ukingo" unatosha. Wavuvi wa Norway pao wanapaita Storegga, yaani Ukingo Mkuu, na wanasayansi walipogundua poromoko kubwa lililotokea hapo miaka 8,000 hivi iliyopita walilichukua jina la wavuvi kama lilivyo. Sikumbuki mara ya mwisho tulipowaendea wavuvi wetu kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza.

"Mkondo" ndilo linalonikosesha raha. Mkondo wa Pemba ni ule upenyo kati ya kisiwa na bara, au ni maji yanayokwenda kasi ndani yake? Upenyo tuuite mlango, mkondo ubaki kuwa kitu kinachokwenda. Novemba 1929 tetemeko liliupiga mteremko kusini mwa Newfoundland, Kanada, na nyaya za telegrafu zilizolala sakafuni zikaanza kukatika, za karibu kwanza, kisha za mbali zaidi, moja baada ya nyingine, hadi saa 13 baadaye. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing walieleza mkataji: poromoko lililochanganyika na maji likawa mkondo wa tope. Poromoko huanguka, mkondo husafiri. Anayeyatumia maneno haya kama pacha anaifuta nusu ya kisa.

Mikondo ya tope ndiyo iliyoshusha mchanga unaohifadhi gesi yetu ya baharini. Visima vyake vilipewa majina matamu: Pweza, Chaza na Jodari upande mmoja, Zafarani, Tangawizi na Mdalasini upande mwingine. Vitoweo na viungo vimekamilika, mahali vilipo ndipo tunapopata kigugumizi. Jaribu hivi: kisima cha Zafarani kiko nje ya baraza, chini ya ukingo, kwenye kilindi cha zaidi ya mita 2,000. Mvuvi wa Lindi atakuelewa, ila huenda akakutaka uzigeuze hizo mita ziwe pima.