Gesi ya Msimbati siyo gesi ya mtungi (someni hapa wadau)

Leo tuelewane kuhusu kitu ambacho hata mimi nilikuwa nakikosea. Mimi wa Naliendele, fomu foo nimemaliza hapahapa Mtwara, na kwa miaka nilimwambia mama kwamba mtungi wake wa jikoni unajazwa gesi yetu ya Msimbati, ila wanaipeleka Dar kwanza ndo wanaturudishia kwa bei ya kuruka. Kumbe nilikuwa namdanganya mzazi.

Iko hivi. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Ukiikandamiza kidogo tu inakuwa maji, ndo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kinachezacheza ndani. Hiyo inakuja na meli kutoka nje ya nchi, na bei yake inafuata soko la dunia kama petroli. Gesi ya Msimbati karibu yote ni methani. Kwa joto letu la kawaida methani haiwi maji hata uikandamize vipi; bila kuikandamiza inabidi uipoze ifike nyuzi 162 chini ya sifuri! Kwa hiyo haifai kwa mtungi wa mama. Inataka bomba, au uishindilie kwa nguvu kubwa sana kwenye mtungi mnene maalumu.

Shika hapo, maana ndo penye kisa chote. Mafuta unatia kwenye dumu unaondoka nayo. Gesi asilia bila bomba inabaki chini ya ardhi, haina faida kwa mtu.

Ndivyo ilivyokuwa. Agip ya Italia iliikuta gesi ya Songo Songo mwaka 1974 na ya Mnazi Bay, huku Msimbati, mwaka 1982, ikaziacha. Ya Songo Songo ilianza kwenda Dar mwaka 2004. Ya kwetu ilifufuliwa na Artumas ya Kanada, na kufikia 2007 Mtwara tulikuwa tunapata umeme wa gesi badala ya jenereta za dizeli. Watu wa Dar hawajui kwamba tuliwatangulia kuichoma gesi ya Mnazi Bay.

Likaja suala la bomba kubwa. Mwaka 2011 ukame ulipunguza maji kwenye mabwawa, mgawo wa umeme ukaitesa nchi nzima, na mitambo ya dharura ikawa inachoma mafuta ya kuagiza kwa dola. Serikali ikakopa China, ikajenga bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka Madimba mpaka Dar. Huku watu wakasema gesi haitoki. Wengi mnakumbuka Januari na Mei 2013: nyumba zilichomwa, wanajeshi waliletwa, watu walikufa. Sitaki kutia chumvi kidonda, ila anayesema tulikuwa tunapinga maendeleo hakusikiliza. Watu waliuliza viwanda viko wapi na ajira ziko wapi, basi.

Rais Kikwete alilizindua bomba Oktoba 2015. Kwenye umeme lilifanya kazi yake, tusibishe. Mitambo ya Kinyerezi iliwashwa, na kwa miaka kadhaa zaidi ya nusu ya umeme wa nchi ulitoka kwenye gesi, mpaka bwawa la Nyerere lilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Huku kwetu kiwanda cha saruji cha Dangote kiliunganishwa na gesi mwaka 2018, kikaachana na dizeli.

Lakini umeme siyo mafuta yote. Petroli na dizeli yote tunaagiza. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000, na Mtwara hatukupona kwa sababu tuna gesi. Kwenye magari, inayoweza kushika nafasi ya petroli ni gesi iliyoshindiliwa, ile CNG. Dar kuna teksi na bajaji zimefungwa mitungi hiyo na madereva wanaisifia, shida yao foleni, vituo ni vichache. Majumbani, baadhi ya nyumba za Dar na za Mtwara mjini zimeunganishwa na bomba. Nyumbani kwetu bado mkaa na mtungi wa meli.

Wengine watasema nchi ina futi za ujazo trilioni 57. Sawa, ila nyingi ziko bahari ya kina kirefu na hazijaanza kuchimbwa. Kiwanda cha kuigeuza kuwa kimiminika pale Likong'o, Lindi, kimezungumzwa zaidi ya miaka 10, na hicho lengo lake kubwa ni kuuza nje.

Juzi kaka yangu wa bodaboda kaniuliza, dogo, pikipiki yangu itakunywa gesi ya Msimbati lini? Nikamwambia kwanza utafute kituo cha kujazia. Akacheka, akawasha, akaenda kutia petroli.