Namba tatu za kuijulia hali kompyuta

Msimamizi wa seva akiona mtambo unasuasua, huandika neno moja tu, uptime, kisha hubonyeza Enter. Mstari unaorudi hutaja saa, muda uliopita tangu mashine iwashwe, idadi ya walioingia, na mwishoni namba tatu, tuseme 0.42, 1.10, 3.85. Namba hizo hupima mzigo wa mashine, na kipimo hicho kina zaidi ya nusu karne.

Chimbuko lake ni TENEX, mfumo endeshi uliotengenezwa na kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, kwa ajili ya kompyuta za PDP-10. Siku hizo watu wengi walitumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja na kibodi yake. Jibu likichelewa, mtu hakujua kama programu yake imekufa au imo kwenye foleni. TENEX ikampa namna ya kuuliza: akibonyeza Ctrl na T, papo hapo aliambiwa programu yake inafanya nini na mzigo wa mashine ni kiasi gani. Mwaka 1973 waraka wa RFC 546 ulikieleza kipimo hicho: wastani wa kazi ukiwa 10 kwenye mashine ya prosesa moja, kazi moja inahudumiwa na tisa zinasubiri.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipotoa Unix ya 3BSD mwaka 1979, uptime ilikuwamo. Namba ya kwanza ni wastani wa dakika 1 iliyopita, ya pili dakika 5, ya tatu dakika 15. Mfano wetu basi usomwe kutoka kulia: palikuwa na msongamano, sasa foleni inakatika.

Mwaka 1993 Linux iligeuza hesabu, ikajumlisha hata kazi zinazongojea diski. Ndiyo maana seva huweza kuonyesha namba kubwa ilhali prosesa imekaa bure.

Mfumo wa systemd, unaosimamia huduma kwenye Linux na uliozaliwa 2010, una swali lake kuhusu hali ya mashine. Amri ya systemctl is-system-running hujibu kwa neno moja, kwa mfano running, yaani mambo shwari, au degraded, yaani ipo huduma iliyoshindwa. Habari za foleni haina.

Kwa hiyo ukikuta 4 kwenye uptime, usikimbilie kuzima mashine. Andika kwanza nproc, uone prosesa ina viini vingapi. Vikiwa vinne, na ikiwa hakuna kazi inayongojea diski, kila kimoja kina kazi yake na hakuna inayosubiri. Kikiwa kimoja, kazi tatu zimepanga mstari.