Ng'ombe wa Mwami, Kuku wa Mkulima

Ukiuliza historia ya Heru Juu, utasimuliwa habari za Mwami na ng'ombe. Katika ubugabire, mkulima wa Buha alipewa ng'ombe na mwenye mifugo, naye akalipa kwa kazi na utii. Kuku hakuhitaji bwana: aliyemlea uani ndiye aliyemchinja, akamnyonyoa kwa maji ya moto na kuilisha familia yake.

Adui wa uhuru huo ni mdondo, ugonjwa uliotambuliwa kitaalamu mwaka 1926 huko Java na Newcastle, Uingereza. Huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto, ni tone moja tu jichoni. Serikali isiyolifikisha kijijini humrudisha mkulima kwenye utegemezi wa kale.